Nani Akae Mstari wa Juu

Jumatatu, 12 Juni 2023. Baraka.

Bwana asifiwe! Kompyuta imelala kwetu leo. Si yangu, ni ya kwaya. Ndugu mmoja wa Uvira aliyewahi kuimba nasi ametutumia kwa moyo wa shukrani. Ndani yake mna programu ya kuandika noti za muziki. Unaandika, inaimba yenyewe. Isidore, maestro wetu, aliiangalia kwa mbali kama mbwa wa jirani. Yeye anaandika do-re-mi kwenye ubao tangu mimi ni wa kubebwa mgongoni. Basi nikanyoosha mkono mbele ya Mchungaji Guy. Nikasema mimi Wilfried programu hiyo naijua vizuri sana.

Sijawahi kuiona maishani. Lakini Mungu anajua nia yangu.

Mchungaji akasema vema. Jumapili hii ni ibada ya shukrani ya mavuno. Niandike wimbo mmoja, niuongoze mwenyewe. Ukienda vizuri, mimi ndiye maestro na kompyuta inakaa kwangu. Ukiharibika, vyote kwa Isidore. Isidore akaitikia amina. Amina ile sikuipenda.

Shangazi Adolphine, ambaye nalala kwake na kula kwake, naye ndiye soprano yetu, alishangilia mpaka majirani wakatoka. Kisha akaongeza la kwake. Kuku wangu walikufa. Studio yangu ya picha ilikufa. Safari hii nikianguka, naenda Swima kwa shemeji yake, kule ziwani, anatafuta mtu wa kuanika ndagala, vile vidagaa vyetu. Tayari amempigia simu ajiandae. Namshukuru shangazi. Ni wachache wanaomtafutia mtu kazi kabla hajaanguka.

Jumanne, 13 Juni.

Nimefungua programu. Swali la kwanza kabla ya noti yoyote: unataka ala gani? Nikabonyeza. Loo! Orodha inashuka haina mwisho. Filimbi za kila aina. Tarumbeta ndefu, tarumbeta fupi. Kuna kitu kinaitwa pembe ya Kiingereza. Nilitafuta ngoma yetu, nikapata ngoma za nchi ambazo hata Mchungaji hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Kayamba, hakuna. Gitaa zipo, lakini zote zimevaa majina ya kizungu.

Nilivunjika moyo nikala bugali. Baada ya bugali akili ikarudi. Kumbe orodha inatengenezeka! Unaficha ala usizozitaka, unabaki na zako. Unabadilisha jina. Unabadilisha sauti. Unapandisha juu, unashusha chini. Halafu unaihifadhi, na kila ukifungua unaikuta na watu wako. Aksanti Yesu kwa mtu aliyefikiria jambo hilo, popote alipo.

Nilificha pembe ya Kiingereza kwanza. Ilinipa raha nisiyoweza kuieleza. Nikafuata na nyingine zote, zimelala. Nikatengeneza kikundi kipya, nikakiita Baraka, jina la mji wetu. Sauti nne na ngoma. Kayamba, ambayo mpaka leo ndiyo kazi yangu kwenye kwaya, nimeiacha, asije mtu akanikumbuka.

Na hapa ndipo Mungu alinipa wazo lenyewe. Kwetu hakuna anayesema alto wala basi. Ukisema alto, watu wanatazamana. Tunasema sauti ya Mama Marthe. Tunasema sauti ya Papa Nicolas. Basi kila mstari nimeupa jina la mwenyewe. Adolphine, Marthe, Isidore, Nicolas, na chini kabisa Barutwanayo, yule kiongozi wa wapiga ngoma wanaotujia kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Ngoma zake zilikosa sauti inayofaa. Nimezipa ile inayofanana na mtu aliyeanguka na masufuria. Isidore nimempa sauti ya basuni, ambayo inalia kama mbuzi aliyekula muhogo mchungu. Si kwa ubaya. Kidogo tu kwa ubaya.

Alhamisi, 15 Juni.

Mazoezi. Asubuhi nilipita kwa Bertin wa fotokopi, akatoa karatasi safi kabisa. Majina yanaonekana upande wa kushoto, moja chini ya jingine. Mama Marthe aliishika ya kwake akaibusu. Alisema maisha yake yote hajawahi kuona jina lake kwenye kitu kilichochapwa, isipokuwa kadi ya uchaguzi. Karibu nilie.

Njia yangu ya kufundisha ni hii: naita kwa mistari. Mstari wa kwanza, anza! Shangazi na wenzake wanaanza, Tumevuna Baba, tumevuna. Mstari wa pili, ingia! Mama Marthe anaingia. Hakuna ubao, hakuna chaki, hakuna kukohoa. Walikwenda kama jeshi. Nilichezesha pia kwenye kompyuta ile sauti ya mbuzi. Kwaya nzima ilicheka, na Isidore alicheka kuliko wote. Akaomba tuirudie. Nilitegemea akasirike. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Kisha nikasema, mstari wa nne, ingia. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Papa Nicolas ni mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma majina ya wageni kwenye sherehe zote, ndiye anayejua nani anawekwa kiti cha mbele na nani anapokea sahani kwanza. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa kitambaa, akaivaa tena. Akauliza kwa upole mwingi hiyo karatasi imepangwa na nani. Nikasema mimi. Akauliza kama nimeona mahali alipo. Nikaanza kueleza kwamba basi ni sauti nzito, sauti nzito inaandikwa chini, dunia nzima iko hivyo.

"Dunia nzima haiko Baraka," akasema. "Miye nilishikisha hawa bamama wote ushirika wa meza ya Bwana. Leo muko munaniweka chini yao, karibu na ngoma?"

Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaenda zake. Mabasi wote, wenye sauti nzito kama yake, wakamfuata, maana mabasi hawajawahi kufikiri mbali naye.

Nilitaka kusema ni noti tu. Lakini nilipotazama ile karatasi upya, nilimwelewa. Kwetu karatasi yenye majina ni itifaki. Hata kwenye msiba watu wanahesabu nani ametajwa kabla ya nani. Nimetangaza cheo cha kila mtu wa kwaya, tena nimekipiga chapa.

Isidore alibaki kunisaidia kupanga mabenchi. Alisema taratibu kwamba bora nifute majina. Nilimshukuru. Ndani yangu nikasema, ahaa! Anataka majina yatoke ili karatasi yangu ifanane na ubao wake. Mimi si mtoto.

Ijumaa, 16 Juni.

Dawa ni rahisi. Orodha si inapandishwa na kushushwa? Nikampandisha Papa Nicolas juu kabisa, mshale mmoja, mwingine, mwingine. Nikampelekea karatasi nyumbani. Aliisoma, akaita mke wake aisome. Nikapewa chai na mikate. Mungu ni mwema.

Nikatoka pale nimeshiba na amani, nikakutana na Barutwanayo sokoni. Alikuja na pikipiki kutoka Lusenda kutafuta ngozi ya kufunika ngoma moja iliyopasuka. Nikamwonyesha karatasi mpya kwa kujivuna. Aliitazama. Jina lake liko chini, kama kwanza. Nikaona nimwombe radhi kabla hajasema.

"Hakuna shida, kaka," akasema. "Sisi tumezoea. Kwenye makaratasi tunakuwaga chini."

Alitabasamu hata. Hapo ndipo iliponiuma. Mtu huyu tangu amevuka kutoka Burundi jina lake linaitwa mwisho kwenye kila foleni, na mimi, kwa mkono wangu, kwa programu inayoniruhusu kumweka popote, nimemweka palepale. Nilirudi nyumbani mbio. Nikampandisha juu ya wote. Niliona fahari, kusema kweli. Nikamwonyesha Shangazi Adolphine.

Nilisahau kwamba yeye sasa ameshuka mpaka mstari wa tatu.

Hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi. Aliuliza tu kama Nicolas ndiye anayenipikia. Baadaye akaniletea bugali bila sombe ya majani ya muhogo, bila samaki, bila chumvi. Nilikula chote na kushukuru. Kisha nikamsikia kwenye simu na shemeji wa Swima, wakiongea habari za mkeka wa kulalia.

Hesabu yangu iko hivi. Nikimweka juu shangazi, mzee anaondoka na mabasi. Nikimweka mzee, shangazi ananipeleka Swima. Nikimshusha Barutwanayo, siwezi kujiangalia kwenye kioo. Na Mama Marthe, ambaye hajasema kitu, leo amenisalimia kwa jina langu lote.

Jumamosi, 17 Juni.

Nimepata! Nimepata! Aksanti Mungu wa Fizi na milima yake yote!

Kwa nini karatasi iwe moja? Programu inakubali kuhifadhi orodha nyingi unavyotaka, kila moja na mpango wake. Noti ni zilezile. Sauti ni zilezile. Basi nimetengeneza orodha ya Adolphine, yeye juu. Ya Nicolas, yeye juu. Ya Marthe, yeye juu. Ya Barutwanayo, yeye juu. Hata Isidore nimempa yake, maana sina kinyongo. Kila mtu atashika karatasi yake na kuona ni yeye wa kwanza. Nani atachukia? Wenye hekima wamehangaika miaka na mambo ya vyeo, mimi nimeyamaliza kwa mshale wa kupandisha.

Wanasema haraka haina baraka. Lakini mimi naishi Baraka, ninayo tayari.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Shangazi aliiangalia karatasi yake kwa muda, kisha akaenda kuchoma samaki wawili wa mikeke. Mama Marthe aliibusu tena. Papa Nicolas alisema mimi ni kijana mwenye adabu, wazazi wangu hawakupoteza wakati. Ya Barutwanayo nilimpa dereva wa pikipiki anayekwenda Lusenda. Ilipomfika, alinipigia simu. Akasema atamwonyesha mama yake.

Mazoezi ya leo nimeyafuta. Nimesema sauti zipumzike. Ukweli ni kwamba sitaki watu wachungulie karatasi za wenzao.

Isidore alikuja jioni kuulizia. Alitaka kujua kama watu wote wana karatasi moja. Nikasema noti ni moja. Akasema hakuuliza noti. Nikamwambia nina kazi. Akaniombea baraka mlangoni, akaenda. Anaogopa, maskini. Nikiwa maestro nitamtendea wema.

Jumapili, 18 Juni.

Naandika nimekaa kwenye gunia langu la nguo.

Kanisa lilijaa. Muhogo mpaka madhabahuni, mahindi, mbuzi wawili, kuku, ndagala kwenye vikapu, ndizi za watu walioshuka kutoka Minembwe. Watu walivaa vizuri. Mwaka huu kila mtu ana la kushukuru: kuna waliovuna mara ya kwanza tangu warudi mashambani kwao. Wapiga ngoma wa Lusenda waliingia wamejifunga vitambaa vyeupe. Mama yake Barutwanayo alikuja nao, bibi mdogo mwembamba, akakaa benchi la mbele akiwa na ile karatasi ya mwanawe magotini.

Nilisimama mbele. Suti ya kuazima. Isidore, akiwa kwenye mstari wa matena, wale wa sauti yake, alitazama karatasi yake, akatazama ya Papa Nicolas aliyekuwa jirani yake. Macho yakamtoka. Akafungua mdomo kuniita kwa kunong'ona. Nikamwashiria kwamba amechelewa. Nikainua mikono. Nikaita kama tulivyozoea.

Mstari wa kwanza, anza!

Wote wakaanza. Wote! Shangazi akapanda juu kwa Tumevuna Baba, Mama Marthe akaingia katikati yake, mabasi wakanguruma, ngoma nne zikadunda kwa mkupuo. Kila mtu ni mstari wa kwanza. Kila mtu alikuwa na haki. Mbuzi mmoja akakata kamba. Nikaita mstari wa pili, nikitumaini. Wakanyamaza wote kwa pamoja, kila mmoja akingoja wa pili wake, na wa pili wa huyu ndiye wa nne wa yule. Papa Nicolas akamtazama shangazi. Shangazi akanyoosha shingo, akasoma karatasi ya Papa Nicolas. Mama Marthe akasoma ya shangazi. Nikaona ukweli unatembea kutoka mtu mpaka mtu, polepole, mbele ya kanisa zima na Mchungaji.

Nilimwomba Mungu anichukue, au angalau anitie homa.

Barutwanayo hakuwa na karatasi. Alimwachia mama yake. Yeye na wenzake hawasomi noti, wanasikilizana tu. Aliona nimesimama na mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akapiga ngoma moja, taratibu. Tena. Tena. Wenzake wakamfuata kwa chini. Watu wakaanza kupiga makofi. Isidore akatoa noti kwa mdomo, do, mi, sol, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake, na shangazi akaikamata. Akaimba peke yake. Mama Marthe akangoja zamu yake, akaingia. Papa Nicolas akaingia wa mwisho, chini kabisa, na aliposhuka pale kwenye noti yake nzito nilihisi mbao za benchi zinatetemeka. Karatasi zote zilikuwa zimeanguka sakafuni. Walikuwa wanazikanyaga.

Nilipunga mikono nyuma yao, nikiwafuata. Nililia bila aibu. Mama yake Barutwanayo alisimama akacheza, na wanawake wa Baraka wakatoka kumzunguka. Mpaka dakika ile sikuwa nimeusikia wimbo wangu. Ule ndio ulikuwa wimbo wangu.

Baada ya ibada Mchungaji Guy alinishika bega. Hakuhitaji kusema mengi. Isidore ni maestro na kompyuta ni yake. Isidore akaomba neno. Nikakaza meno. Akasema kwamba kwa miaka yote hiyo yeye hakuwahi kufikiria kuwaandikia wapiga ngoma mstari wao, aliwaambia tu wapige. Aliyewapa mstari ni mimi.

"Wilfried, aksanti," akasema mbele ya wote.

Nilikuja na maneno makali mfukoni kwa ajili ya mtu huyu. Yote yalipotea. Nilimkumbatia mpaka suti ya watu ikachanika kwapani.

Papa Nicolas alinikemea kwa muda mrefu kuhusu unafiki. Nilimshukuru. Mama Marthe alininyima mkono. Shangazi alisema mengi njiani, na mwisho akasema pikipiki ya Swima inakuja alfajiri, na kwamba ameniwekea mikeke kwenye mfuko. Kunipoteza hakumfurahishi hata yeye. Aligeuka haraka, lakini nilimwona akijifuta kwa kitenge.

Jumatano, 21 Juni. Swima.

Ndagala. Kichwani ndagala, usingizini ndagala. Wavuvi wanashusha asubuhi, sisi tunamwaga kwenye vichanja, tunageuza, tunafukuza kunguru. Shemeji ni mtu mwema, hanung'uniki, na ziwa asubuhi ni zuri mpaka unasamehe. Nashukuru kwa afya. Nashukuru kwa kofia.

Isidore alipiga simu. Maestro mzima ananiomba msaada! Anataka kufuta majina na kuacha orodha ya Baraka, lakini kila akifungua programu anaikuta pembe ya Kiingereza imerudi. Nikamwelekeza hatua kwa hatua. Akasema wimbo ujao unaanza na ngoma, kwa hiyo wapiga ngoma atawaandika juu. Anayetangulia kuimba ndiye anayetangulia kuandikwa, na Papa Nicolas amekubali hilo bila kelele. Nikasema wazo si baya. Ni la kawaida kidogo, lakini si baya. Nilikata simu nimefurahi sana kwamba sauti yangu bado inafaa mahali.

Ijumaa, 23 Juni. Swima.

Somo nimelipata. Naliandika hapa nisilisahau: watu wasipewe karatasi. Karatasi ndiyo iliyonimaliza. Jambo likisemwa kwa mdomo, nani atachungulia?

Nashukuru nimelijua mapema, maana leo pameibuka neno. Kichanja kilicho karibu na mahali mtumbwi unapotia nanga ndicho kila mtu anachokitaka; samaki wanafika hapo wakiwa wabichi, na wanunuzi wa Baraka wanasimama hapo kwanza. Mama Rosette anakitaka, ni wa zamani pwani hii. Solange anakitaka, ana wadogo wengi nyumbani. Joselyne wa kambini anakitaka, maana kila siku anasukumwa kule mwisho kwenye mawe. Wamegombana tangu juzi. Shemeji alichoka, akaniuliza mimi mtu wa mjini nina shauri gani.

Nilimwambia aniachie. Nikamwendea kila mmoja peke yake, kwa heshima, kwa sauti ya chini. Nikamwambia kichanja cha kwanza ni chako kuanzia kesho, ila usiseme kwa mtu. Lo, furaha yao! Mama Rosette ameniletea ndizi. Solange ameniombea. Joselyne alinishika mikono yote miwili.

Mitumbwi inafika alfajiri. Shemeji anasema hajawahi kuona wanawake wa Swima wametulia hivi, na ameanza kuniita maestro. Mungu ni mwema. Nalala mapema leo, bila wasiwasi wowote.